Mnara wa Siloamu na Mto Mulongwe

Somo kwa vikundi vya nyumbani
Kusoma: Luka 13:1-5, Luka 6:46-49, Mathayo 7:24-27, Mika 2:1-2, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kila masika yanapofika na simu zikaanza kuita kutoka nyumbani, swali linalotufikia ni lile lile: watu wetu walikosa nini hata maji yakawakuta usingizini? Wengine hawaulizi, wanajibu kabisa. Wanasema mtaa ule ulijaa ulevi na uchawi, ndiyo maana Mungu ameuosha. Maneno ya namna hii yamesemwa katika mikesha ya maombi, mbele ya ndugu ambao hata matanga walikuwa hawajamaliza. Mama mmoja aliacha kuja kwenye kikundi chake miezi mitatu kwa sababu hiyo. Tukaona jambo hili tusiliache lipite. Tulisome polepole, Biblia ikiwa wazi.

Tutatumia mji mmoja, Uvira. Wengi wetu tumetoka huko, au tulipita huko tukikimbia, na wasiopajua wanaye jirani wa kuwaeleza.

USIKU WA APRILI 2020

Uvira umekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Ukisimama ufukweni na kugeuza shingo, mlima uko pale pale nyuma ya nyumba. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilomita chache tu kutoka hapo milima inapita mita 2,000. Kwa hiyo mito ya pale, Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na mingineyo, ni mifupi na mikali. Haina nafasi ya kutembea taratibu kama mto wa tambarare. Inashuka kama mtu aliyesukumwa. Lakini wakati wa kiangazi huwezi kuamini. Unavuka kwa kukanyaga mawe, watu wanafua nguo, watoto wanacheza katikati ya mto.

Usiku wa Alhamisi tarehe 16 kuamkia Ijumaa tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani na mjini. Ilikuwa juma lile lile baada ya Jumapili ya Pasaka, na makanisa ya Kongo yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Mto Mulongwe ulivunja kingo zake ukaingia mitaani. Haukuleta maji peke yake. Ulileta matope, magogo, na mawe ambayo wanaume kumi hawawezi kuyainua. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kujaa matope, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila mahali pa kulala. Madaraja yalivunjika. Kituo cha kusafisha maji ya kunywa ya mji kikaharibika, tena katika mji ambao kipindupindu kimekuwa kikirudi kwa miaka mingi. Na siku hizo hizo, ng'ambo ya mpaka, mto Rusizi ulifurika na kuifunika Gatumba, upande wa magharibi wa Bujumbura. Maelfu ya watu wakahama wakiwa na magodoro vichwani.

Si Uvira peke yake. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yalishuka kutoka vilimani na kupiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge, Kinama na jirani zake, na watu zaidi ya 60 walikufa. Mwezi wa Desemba 2022 ilikuwa zamu ya Kinshasa. Vilima vya mchanga vya Mont-Ngafula na Ngaliema viliporomoka usiku mmoja, barabara kuu ya kwenda Matadi ikakatika, na watu zaidi ya 160 wakapoteza maisha. Aprili 2025 ni mto N'djili, mjini humo humo, uliotoka kwenye njia yake. Hatusemi hapa habari ya Kalehe ya Mei 2023, ambako mamia walikufa, kwa sababu kule ni vijiji vya kando ya Ziwa Kivu na somo letu ni mitaa ya pembezoni mwa miji. Lakini hatujasahau, na walioomboleza hapa kwetu wanajua.

MAJI YANATOKA WAPI

Mtu aliyeona maji yakimjia kwa kishindo usiku anaweza kufikiri yametumwa na mkono usioonekana. Ni vizuri tujue yanavyokusanyika, maana Mungu aliyeumba maji aliyapa na kanuni zake.

Fanya hesabu hii na watoto. Mvua inapimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Chukua nyumba ndogo kama hizi zetu, mita 6 kwa mita 4. Paa lake ni kama mita za mraba 24. Mvua nzito ya milimita 60, ambayo inaweza kunyesha kwa saa moja au mbili, inamwaga juu ya paa hilo lita 1,440. Hayo ni madumu 72 ya lita 20, kutoka nyumba moja. Sasa weka nyumba 1,000 kwenye mteremko mmoja. Maji yao ni tani 1,440, sawa na mizigo ya malori 144 ya tani kumi, na yote yanashuka saa ile ile kwenye bonde lile lile.

Zamani mteremko ule ulikuwa na miti na majani. Mvua ilipiga majani kwanza, ikadondoka, ikanyweka taratibu na mizizi, na sehemu tu ndiyo iliyofika mtoni, tena kwa kuchelewa. Leo miti imekuwa makaa na mbao. Mahali pake pana mabati, na kati ya mabati pana uwanja uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Maji hayana pa kuingia. Mfereji uliokuwepo umejaa chupa za plastiki na takataka, au mtu amejenga juu yake. Hapo ndipo mto unaopita magotini unakuwa mto wa kupita kichwani kwa muda wa kuchemsha ugali.

Na nyumba nyingi ni za matofali mabichi. Tofali lisilochomwa ni rafiki mzuri wakati wa jua, lakini likikaa ndani ya maji linarudi kuwa matope. Ukuta unalainika kutoka chini, na paa linaanguka juu ya waliolala. Ndiyo sababu wengine hufa ndani ya nyumba hata pale ambapo maji hayakuwa mengi ya kumzamisha mtu.

BWANA YESU ALIULIZWA SWALI HILI

Sasa fungueni Luka 13. Watu walimletea Yesu habari mbaya: Pilato amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka. Walisimulia kama watu wanavyosimulia, wakingoja aseme kwamba hao lazima walikuwa na jambo. Yesu akakataa. Kisha akaongeza mwenyewe mfano ambao hakuna aliyemuuliza, mnara uliokuwa Siloamu. Siloamu ni upande wa chini wa Yerusalemu, kwenye lile birika ambalo kipofu wa Yohana 9 alitumwa kunawa. Mnara ule ulianguka ukaua watu 18. Je, hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu? Jibu la Yesu ni hapana, na alilisema waziwazi.

Tuangalie vizuri alichofanya. Katika habari ya Pilato kuna muuaji, kuna siasa, kuna wa kulaumiwa. Katika mnara hakuna. Ni mawe yaliyoanguka. Yesu aliweka mambo yote mawili pamoja, ubaya wa watawala na ajali ya jengo, na kwa yote mawili akawakataza wasikilizaji kupima dhambi za marehemu kwa namna walivyokufa. Sisi ambao tumepoteza ndugu kwa risasi na tena kwa maji, katika nyumba moja, tunapaswa kulisikia neno hilo kwa masikio yote mawili.

Kuna ndugu watasema: lakini Yesu aliendelea akahimiza toba! Ndiyo, alihimiza, na hatulifichi. Ila aliwahimiza akina nani? Waliokuwa wamesimama mbele yake, wenye pumzi. Hakumtoa hata mmoja wa wale 18 kaburini ili amfanye mfano wa mahubiri. Mhubiri anayetaka kuita watu kwenye toba baada ya mafuriko anayo ruhusa kamili, aanze na yeye mwenyewe na wote walio hai kanisani. Akiwageukia wafu, ameacha njia ya Bwana wake na kwenda njia ya Elifazi, Bildadi na Sofari. Mnakumbuka watoto wa Ayubu walikufaje: upepo mkubwa ulipiga nyumba ikawaangukia (Ayubu 1:18-19). Na mnakumbuka Mungu aliwaambia nini wale marafiki watatu mwishoni (Ayubu 42:7). Hakupendezwa na maelezo yao, ingawa yalijaa maneno ya dini.

Wengine wanaleta habari ya Nuhu. Haya, isomeni mpaka mwisho wake. Mwanzo sura ya 9 inatuonyesha Mungu akifunga agano, na kuweka upinde mawinguni kuwa ishara, kwamba gharika ya kuangamiza wote haitarudi. Ni vigumu kuona jinsi mtu anaweza kutumia habari inayoishia kwenye upinde huo kumtishia mjane.

MVUA ILIPIGA NYUMBA ZOTE MBILI

Mfano wa nyumba mbili tunaujua tangu shule ya Jumapili, na pengine kwa sababu tunaujua sana hatuusomi tena. Mathayo anasema juu ya mwamba na mchanga. Luka anasimulia zaidi juu ya kazi: mjenzi mmoja alichimba na kushuka mpaka akafikia mwamba, mwingine alianza ukuta juu ya udongo tu, bila msingi. Katika nchi ile kuna mabonde ambayo mwaka mzima ni makavu. Chini ni mchanga tambarare, laini, rahisi kuchimba, karibu na kisima. Mwamba uko juu, unavunja jembe. Mtu anayejenga bondeni wakati wa kiangazi haonekani mpumbavu hata kidogo. Amepata kiwanja kizuri kwa kazi ndogo. Ni siku moja ya mvua milimani ndiyo itakayoonyesha kwamba kile kilikuwa njia ya mto.

Mtu wa Uvira hahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo mahubiri mengi yanaliruka. Dhoruba ilipiga nyumba zote mbili. Mvua ile ile, mto ule ule, upepo ule ule. Yule aliyesikia maneno ya Yesu na kuyatenda hakupewa hali ya hewa tofauti. Kama mafuriko yangekuwa fimbo ya Mungu kwa wasiotii, mfano huu usingesimama, maana nyumba ya mtiifu isingeguswa na maji kabisa. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba Baba huwapa mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45).

Na tena, Yesu hakuutoa mfano huu ili tuwapige nao waliobomokewa. Aliutoa kwa watu waliomwita Bwana bila kufanya anayosema. Kwa hiyo swali linaturudia sisi tunaosoma: katika jambo hili la maji, Bwana anatuambia tufanye nini?

NANI ALIWEKA WATU MTONI?

Tuanze kwa kuuliza ni nani hujenga kwenye kingo za mto mjini. Ni mtu aliyekimbia vita kwenye milima ya juu akafika mjini na mke, watoto sita na sufuria mbili. Ni kijana aliyeoa na hana mshahara. Ni mjane aliyetolewa kwenye kiwanja cha marehemu na ndugu wa mume. Viwanja vya juu, vyenye mawe imara na barabara, vina bei ambayo hawa hawaiwezi. Vya mtoni ni nafuu. Yupo anayeviuza akijua kabisa maji yalifika wapi mwaka ule mwingine. Yupo anayetia sahihi karatasi na kupokea kilicho chake. Asubuhi baada ya mafuriko hao wawili hawapo matopeni.

Basi anayetaka sana kutafuta dhambi katika mafuriko, Biblia inayo mahali pa kumpeleka. Asome Mika 2:1-2, juu ya wale wanaolala wakipanga jinsi ya kuchukua mashamba na nyumba za wengine. Asome Isaya 5:8. Manabii waliuliza habari ya ardhi: nani anayo, ameipataje, na nani amesukumwa pembeni. Tunaona ni ajabu kwamba katika mikesha yote tuliyohudhuria, pombe ya marehemu ilitajwa mara nyingi na karatasi ya kiwanja haikutajwa hata mara moja.

Kisha kuna Kumbukumbu la Torati 22:8, mstari mdogo ambao haupendwi na wahubiri kwa sababu unazungumza habari za ujenzi. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika nchi ile watu walikaa na hata kulala juu ya paa. Mungu hakusema, ombeni mtu asianguke. Alisema jengeni ukingo. Usalama wa nyumba umo ndani ya torati pamoja na mambo ya ibada. Mtu akijenga kwa uangalifu hajapungukiwa imani.

KWA FAMILIA ZINAZOFIKIRI KUNUNUA KIWANJA

Hapa tunasema na wengi wenu moja kwa moja. Wapo wanaojiandaa kurudi. Wapo wenye mtoto au kaka aliyepelekwa Marekani, Kanada au Australia ambaye anatuma pesa kidogo kidogo ili familia ipate kiwanja mjini, Uvira, Bukavu, Bujumbura au kwingine. Pesa hiyo imetoka kwenye kazi za usiku. Isiende na maji.

Usinunue kwa picha ya simu. Picha hupigwa kiangazi. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtume mtu unayemwamini wakati wa mvua, mwezi wa Machi au Aprili, si Agosti. Aangalie udongo wa uwanjani: kukiwa na mawe ya mviringo yaliyolainika na mchanga mwingi, mawe hayo yaliletwa na mto, na mto unaijua njia. Aangalie kuta za zamani na mashina ya miti kama kuna mstari wa matope. Apande juu kidogo aone bonde linatoka wapi na mlima ukoje, una miti au umenyolewa. Kijito chembamba chenye mlima mrefu na mtupu juu yake ni hatari kuliko mto mpana unaotoka mbali. Asimuulize muuzaji. Amuulize bibi mzee wa jirani, bila muuzaji kuwepo: maji yalifika wapi, na mwaka gani? Bibi huyo ni ofisi ya ardhi isiyodanganya. Na bei ikiwa chini sana kuliko viwanja vya hatua mia moja kutoka hapo, ijulikane ni kwa nini.

Upande wa ziwa nako kuna jambo. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2021 na tena 2024, likaingia katika nyumba za Uvira, za Gatumba na za pwani ya Bujumbura. Kiwanja kilicho karibu na maji kinavutia macho, lakini ziwa hilo hupanda na kushuka kwa vipindi vya miaka, na wazee wanakumbuka lilivyojaa miaka ya 1960.

Kwa wenye ndugu ambao tayari wanaishi mtoni na hawana pa kwenda, tusiwaambie tu "hameni." Wangehama zamani. Waambieni kwenye simu mambo haya. Wapange mapema ni wapi watapanda usiku, na nani atamshika bibi mkono, nani atabeba mtoto. Karatasi za familia zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, karibu na mlango. Mvua kubwa ikinyesha milimani, hata kama mjini ni manyunyu tu, mtu mzima mmoja asilale. Mto ukianza kunguruma na maji kubadilika kuwa mazito ya udongo, ni kuondoka. Na sikilizeni hili, maana limewadanganya wengi: mvua ikiendelea na maji ya mto yakapungua ghafla, msishukuru. Huenda magogo na udongo vimeziba juu, na kizibo kikipasuka yatakuja yote kwa mara moja. Pandeni mara hiyo hiyo, mkiacha vyombo. Wala wasivuke maji yanayokimbia. Maji ya sentimita 15 tu, ya kufunika miguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuchukua gari dogo, na 60 zinachukua magari mengi.

Baada ya maji huja ugonjwa. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimechanganyika na vyoo. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Anayeharisha apelekwe kituo cha afya haraka, na njiani anyweshwe maji yenye sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo hicho kishikwe hivyo hivyo, maana chumvi ikizidi inadhuru.

NA HAPA MAKAZINI

Tumeongea sana habari za mijini. Lakini nyumba zetu hapa nazo ni za matofali mabichi, paa ni turubai au bati, miti tulikuta na tumeikata kwa kuni, na tumepangwa kwenye mteremko. Ile hesabu ya madumu 72 ni ya paa zetu.

Mvua iliyopita karibu kila familia ilichimba mtaro kuzunguka nyumba yake. Vizuri sana. Ila fuateni mitaro hiyo mwone inaishia wapi. Wa juu ameelekeza maji kwa wa kati, wa kati kwa wa chini, na wa chini kabisa mara nyingi ni mzee aliye peke yake au mama ambaye hana wa kumchimbia. Kila mmoja ameokoa nyumba yake kwa kuyatuma maji kwa mwenzake. Ndivyo mitaa ya Uvira, Kamenge na Mont-Ngafula inavyogharikishwa, nyumba kwa nyumba, na hakuna anayejiona ametenda kosa.

Kwa hiyo katika vikundi vyenu, msibaki kwenye maneno tu. Zungumzeni kwanza kama kuna mtu katika kikundi aliyeambiwa kwamba ndugu zake walikufa kwa dhambi zao, na mpeni nafasi ya kusema, bila kumkatiza na bila kumhubiria. Someni Luka 13 naye. Ulizeni: ni maneno gani tuwaambie waliofiwa na maji, na ni yapi tuyaache? Vijana wajibu swali hili: kama Kumbukumbu la Torati 22:8 ingeandikwa leo kwa nyumba za makazi haya, ingetaja nini mahali pa ukingo wa dari? Wazee wa kanisa wajadili juu ya miti: kila familia inaweza kutunza miche mingapi mpaka ishike, na wapi, bila kugombana na wenyeji wenye ardhi?

Kisha tokeni nje wote, mtembee na mtaro wa nyumba mliyokutania mpaka mwisho wake, mwandike jina la anayekaa pale.

Majina hayo yaletwe kwa katibu wa idara ya mafundisho kabla ya siku ya mgao. Jumamosi inayofuata mgao tutaanza mtaro mmoja mkubwa wa pamoja, kutoka nyumba za juu hadi bondeni, ukipita nyuma ya nyumba za chini na si mbele yake. Kiongozi wa kijiji ameshaarifiwa. Leteni majembe, sururu na makarai. Akina mama wa kikundi cha upishi wameahidi uji, saa moja asubuhi.